Nimeikuta Michenzani huko Görlitz

Ijumaa jioni bosi kanambia kesho usije, kazi hamna, na mimi kukaa chumbani Dresden siku mbili na mvua hii ya Novemba siwezi, nikachukua begi nikaenda steshini nikapanda treni ambayo tiketi yangu ya mwezi inairuhusu, imeandikwa Görlitz. Nilichokuwa nakijua ni kwamba ndio mji wa mwisho wa Ujerumani upande wa mashariki, ukivuka mto uko Poland. Basi.

Njiani ndo naanza kutafuta pa kulala. Mjini kati hoteli yuro 110 kwa usiku mmoja, chai ya asubuhi mbali! Nikashuka bei mpaka nikapata chumba cha yuro 35 kwa mzee mmoja, mtaa unaitwa Königshufen, nje ya mji, unafika kwa tramu. Sikuangalia hata picha.

Nimeshuka kwenye tramu kiza kishaingia, nikainua macho, miguu ikagoma kwenda. Mbele yangu kuna jumba refu limenyooka, madirisha yote sawasawa, vibaraza vimepangana, na kila baada ya hatua kadhaa mlango wa ngazi, na taa za ngazini zinawaka moja juu ya nyengine. Nyuma yake jengine kama hilo, na jengine tena. Mimi nimezaliwa Michenzani jamani, kwenye majumba marefu ya Zanzibar, ghorofa ya tano, mstari ule naujua hata nikiwa usingizini. Niko Ulaya mwaka wa tatu na sijawahi kuumwa na nyumbani kama nilivyoumwa pale kituoni na begi langu mkononi.

Lifti hakuna. Chumba kiko ghorofa ya tano. Nikapanda huku nahesabu vidato, na mkono wangu unatafuta reli ya ukutani upande uleule wa nyumbani.

Mzee ana miaka themanini na kitu, mkimya, kaniwekea chai ya majani fulani isiyo na sukari na mkate mweusi. Kaniuliza natoka wapi, nikamwambia Zanzibar, nikatoa simu nikamuonesha picha ya kwetu niliyoipiga siku ya Idi kutoka upande wa mnara. Mzee akavaa miwani. Akaichukua simu kwa mikono miwili, akaivuta picha ikawa kubwa, akawa anaiburuta polepole na kidole dirisha kwa dirisha, hasemi kitu. Mwisho akanambia, "Haya sisi tunayajua." Nikamwambia ndio mzee, nyie ndio mliokuja baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani ile ya Mashariki, mkajenga mafleti ya Kikwajuni, Michenzani ikafuata. Kumbe yeye ujana wake wote kafanya kazi hiyo ya majumba, hapahapa kwao. Akaweka vipande viwili vya mkate vikasimama mezani kunionesha: ukuta haujengwi pale, unakuja mzima umeshamwagwa kiwandani, na tundu la dirisha limo, kreni inauteremsha, watu wanaupokea kwa mikono, wanachomelea vyuma, halafu zege kwenye maungio. Alivyokuwa akiionesha mikono ile utadhani ukuta uko hewani kweli.

Mimi nikamwambia ya kwetu. Bibi yangu nyumba yake ya udongo pale Ng'ambo, hukohuko mjini Unguja, ilivunjwa kupisha majumba, miembe ikakatwa, yeye akapewa fleti, na mpaka anakufa alikuwa anasema kapewa nyumba lakini kanyang'anywa uwanja. Watu walikwenda kujitolea, kubeba mchanga na kokoto kila mtu na zamu yake. Mzee akauliza, huyo bibi hakupenda? Nikashindwa kumjibu. Alipenda umeme. Alipenda choo cha ndani. Uwanja wake aliulilia. Mzee akasema na hapa wakati ule watu walifurahi kupata maji moto, na baada ya 1990 vijana wakahama kutafuta kazi magharibi, fleti zikabaki tupu, ngazi yao hii kuna milango mitatu haina mtu. Nilisikitika sana, kwetu fleti moja watu wanane na bado wageni wa shamba wanakuja na mizigo.

Jumamosi nikaenda mji wa kale, mzuri mno, vita vya pili havikuubomoa kwa hiyo majumba ya karne na karne yamesimama na rangi zake. Kuna upinde wa mawe ukinong'ona upande mmoja mwenzako anakusikia upande wa pili, lakini lazima muwe wawili. Choo yuro moja. Kahawa yuro nne, kikombe kama cha kahawa yetu ya Jaws Corner pale Mji Mkongwe, ila kule hawakutozi hivyo hata ukiwa mtalii. Nikavuka daraja la miguu kwenda Zgorzelec, dakika mbili ushabadilisha nchi, nikala pierogi, unga uliokunjwa na viazi ndani, kwa zloti, pesa yao, nikashiba kwa nusu ya bei. Wakati wa kurudi askari wawili wakaniita mimi peke yangu kwenye watu wote wale waonyeshwe pasi. Pasi ninayo, wakaniachia, lakini pierogi zote nilihisi zimenikwama kifuani.

Usiku nikampigia mama, nikatoka kibarazani nikamgeuzia kamera aone mtaa. Mama kimyaa. Halafu akanambia mwanangu hebu ingia ndani, fungua mfereji. Nikaingia jikoni nikafungua, maji yakatoka kwa nguvu yakanirukia mpaka kifuani, ghorofa ya tano.

"Yanapanda?" mama kauliza.

"Yanapanda mama."

Akanambia usiufunge kwanza, niache niyasikilize. Mzee kasimama mlangoni anatutazama, hakusema maji yake yanamalizika.