Nilivyochapa ramani za dunia ya kale hapa Moshi

Kuta za nyumba za wageni hapa Moshi zinafanana sana: simba, Mmasai na mkuki wake, mlima jua linapozama. Shangazi yangu ana nyumba ya wageni yenye vyumba vichache upande wa Rau, na picha hizo zilikuwa zimemchosha. Alipomaliza kupaka rangi ukumbi wa kulia chakula, akanipigia simu: "Wewe si ndiye mtu wa kuprinti? Nitafutie kitu ambacho jirani hana." Nina duka dogo la steshenari mjini. Kazi zangu ni kadi za harusi, vitambulisho na ratiba za ibada ya mazishi. Nikamwambia, "Shangazi, nitakuwekea ramani za kale." Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama ni zile zinazotundikwa darasani.

Siyo zile. Nilikuwa nikifikiria ramani za Ptolemy, msomi aliyeishi Aleksandria, Misri, katika karne ya 2. Ramani alizochora kwa mkono wake, kama alichora, hazikutufikia. Kilichobaki ni kitabu chake chenye majina ya maelfu ya miji, milima na mito, kila kimoja na vipimo vyake vya latitudo na longitudo. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, wasomi wa Constantinople na kisha wa Ulaya walivichukua vipimo hivyo wakachora navyo dunia. Toleo lililonivutia zaidi lilichapwa mjini Ulm, Ujerumani, mwaka 1482. Bahari zake zimepakwa buluu iliyokolea, vichwa vya watu vinavyowakilisha upepo vinapuliza pembeni mwa ramani, na Bahari ya Hindi imefungwa pande zote, kwa sababu Ptolemy aliamini nchi kavu inatoka Afrika ikazunguka kusini hadi Asia. India imebanwa haionekani vizuri, na Sri Lanka, ambayo ramani inaiita Taprobana, imekuwa jitu. Binafsi nilitaka hayohayo yasiyo sahihi. Ramani sahihi kila mtu anayo kwenye simu.

Kazi ilianzia kwenye faili, na hapo ndipo wengi wanapoharibu mapema. Picha ya kupakua kwenye mtandao wa kijamii, au iliyopita kwenye makundi matatu ya WhatsApp, haifai kwa ukuta. Hesabu yake ni nyepesi. Karatasi ya A1 ina urefu wa milimita 841, yaani inchi 33 hivi. Ukitaka mtu asogee karibu asome majina, unahitaji nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo upande mrefu wa picha uwe na pikseli karibu 10,000. Kwa ramani itakayotazamwa kutoka upande wa pili wa meza, 150 zinatosha, na pikseli 5,000 zitakubeba. Faili za ukubwa huo zinapatikana bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na zipo nyingine nzuri mno kwenye mkusanyo wa ramani wa David Rumsey. Ramani yenyewe ina zaidi ya miaka 500, haina hakimiliki tena, ila soma masharti ya anayekupa picha. Wapo wanaoruhusu matumizi binafsi tu na kukataza biashara, na mimi nafanya biashara. Kupakua nilikuwa nafanya usiku wa manane, bando la usiku likiwa rahisi.

Mashine yangu inaishia A3. Ya Ulm nilitaka iwe A2, kwa kuwa ile ya asili yenyewe inakaribia ukubwa huo, kwa hiyo nikaipeleka kwa kijana mwenye plota ambaye kazi yake ni kuchapa michoro ya majengo. Alifungua faili, akaivuta karibu, akanigeukia: "Mangi, hii picha imegeuzwa. Angalia hizi N." Kweli, herufi N zilikuwa zimetazama nyuma. Alishaweka kidole tayari kuigeuza ramani nzima, Afrika iende kulia, nikamshika mkono. Aliyechonga mbao za kuchapia ramani zile, Johannes wa Armsheim, aliandika N zake kinyumenyume, na ramani ya dunia akaitia jina lake juu kabisa. Herufi nyingine zote zilikuwa zimekaa sawa. Tulikagua neno kwa neno, wateja wa michoro ya nyumba wakisubiri nyuma yetu, ndipo akakubali kubonyeza.

Kuhusu karatasi nina msimamo mkali: usitumie inayong'aa. Taa ya ukumbi inajirudi juu yake na ramani inageuka kalenda. Karatasi nzito isiyo na mng'ao, yenye rangi ya maziwa, inatosha kabisa. Ukiikosa, chukua nyeupe uipake chai ya rangi. Hapa inategemea mashine. Kama ni ya wino wa maji, paka chai kwanza, anika kivulini, piga pasi ya moto mdogo kwa upande wa nyuma, ndipo uchape. Ukipaka baada ya kuchapa, bahari yote itatiririka mezani. Kama ni ya leza, unaweza kuchapa kwanza, maana ungaunga wake ukishayeyuka na kushika karatasi hauogopi maji. Majani nayachemsha mpaka chai iwe nyeusi, naipoza, napaka kwa sponji kuanzia pembeni kuingia ndani, na katikati naacha pepesi zaidi. Wengine wanachoma kingo kwa kibiriti ili karatasi ionekane ya maharamia. Siipendi kabisa. Ramani nyingi za zamani zilikaa ndani ya vitabu, hazikuokotwa motoni.

Fremu alitengeneza fundi seremala wa Majengo kwa mbao za saipresi, akapiga msasa na vanishi isiyong'aa. Nilimsisitizia jambo moja: kioo kisigusane na karatasi. Masika ya huku, hasa Aprili na Mei, unyevu unaingia kila mahali, na karatasi iliyolala juu ya kioo hushikana nacho au kuota ukungu. Kwa hiyo katikati tuliweka kadi nene iliyokatwa dirisha, nyuma hadibodi, kisha tukaziba kwa gambatepu ya karatasi. Ukuta unaopigwa na jua la asubuhi tuliuacha mtupu, maana jua hula rangi.

Shangazi alipoona ya kwanza aliipenda, lakini akauliza kama hakuna yenye mambo ya Biblia. Ipo. Abraham Ortelius wa Antwerp, ambaye mwaka 1570 alitoa kitabu kikubwa cha ramani za dunia, baadaye alichora ramani za nyakati za kale, na mojawapo, ya mwaka 1579, ni ya safari za Mtume Paulo. Pembe za juu zina picha mbili: upande mmoja Paulo anaanguka njiani kwenda Dameski, upande wa pili jahazi linavunjika Malta. Huyo ndiye anayekaa juu ya meza ya chai, na Shangazi humwonyesha kila mgeni, awe ameuliza au hajauliza.

Wageni wenyewe swali lao ni moja: Kilimanjaro iko wapi? Kwenye ya Ptolemy haipo kwa jina hilo. Kuna Milima ya Mwezi, ambayo theluji yake alisema inalisha maziwa ya mto Nile. Waongoza watalii wengine huapa kwamba huo ndio mlima wetu. Mimi sikubali: maji ya Kilimanjaro yanashuka mto Pangani na kuishia Bahari ya Hindi, na tangu mvumbuzi Stanley alipopita milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, mwaka 1889, wengi wameielekeza milima hiyo kule. Wanaotaka mlima wetu nawapa Mhispania Enciso, aliyeandika mwaka 1519 kwamba magharibi ya Mombasa kuna mlima mrefu sana, akauita Olimpo wa Ethiopia. Halafu kuna Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyeona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kufika huku, akabisha kwamba haiwezekani. Hii ya Cooley ndiyo inayowachekesha zaidi.

Chini ya kila fremu nimebandika kikaratasi: jina la mchoraji, mji, mwaka, na neno NAKALA kwa herufi kubwa. Kuna mtu mjini aliyekuwa akiuza karatasi za chai kama hizi kwa watalii akidai ni za babu yake. Sitaki kufananishwa naye. Mtu akiuliza bei namwambia palepale kwamba analipia karatasi, wino, mbao na muda wangu.

Maombi yameanza kutoka Arusha. Mgahawa mmoja wa kahawa karibu na Mnara wa Saa ulichukua ramani ya mwanajiografia al-Idrisi, aliyoitengeneza mwaka 1154 kwa mfalme Roger wa Sisilia, ambayo kusini iko juu. Mhudumu aliigeuza mara baada ya mimi kuondoka, ikabidi nipige simu. Sasa mwenye mgahawa anataka ile ya barabara za Waroma iliyopo Vienna, urefu wake karibu mita 7 na kimo sentimita 34 tu. Faili ninayo, na plota inachapa karatasi ya roli bila shida. Nimemwambia akapime ukuta kwanza.