Herufi Kumi na Mbili

Fundi wa soko la Gikomba, Nairobi, alitoza shilingi kumi kwa kila herufi aliyoichoma kwenye ubao, na tarakimu nazo alizihesabu vivyo hivyo. Ilikuwa Jumamosi, mwaka 1999. Kwapani nilikuwa na ubao wa mninga niliouchomoa kwenye benchi la Mzee, kwa ruhusa ya binti yake, aliyesimama kando yangu amejifunga leso kiunoni.

Mzee tulikuwa tumemzika wiki mbili kabla. Nyumba yake ya Kaloleni, moja ya zile zilizojengwa miaka ya 1940, ilikuwa ya baraza la jiji, na mwisho wa mwezi ingepata mpangaji mwingine. Nilitaka kibao kiwe juu ya mlango kabla hajaingia.

Mzee nilimfahamu nikisoma falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi. Nilipojiunga, Profesa Henry Odera Oruka alikuwa ameshafariki. Aligongwa na gari hapa jijini, Desemba 1995. Mafundisho yake ndiyo tuliyoyakuta. Wapo wasomi walioshikilia kwamba Mwafrika ana hekima ya jumuiya tu, mila na misemo, hana fikra ya mtu mmoja inayohoji. Oruka aliwaendea wazee wenyewe, akakaa nao, akawabana kwa maswali. Akatenga makundi mawili: mwenye hekima anayekueleza watu wake husema nini, na yule anayeyapima hayo yasemwayo na kuyakataa pasipokaa sawa. Huyu wa pili ni mwanafalsafa, hata kama kalamu hajawahi kuishika. Mmoja wa wazee aliowaandika ni baba yake mzazi. Mpaka leo jambo hilo hunigusa.

Basi nami nikachukua daftari nikaenda Kaloleni. Mzee alikuwa karani wa stoo mstaafu. Nilimtupia methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alinyamaza, akisugua goti.

"Na mkuu akikosea, kijana, guu linalovunjika ni la nani?"

Kisha akanisimulia siku alipoandikishwa na kutundikiwa shingoni kipande, kile kitambulisho ambacho wakoloni waliwalazimisha Waafrika kukivaa. "Wakubwa wetu wenyewe walituambia tukivae tu, tusilete maneno. Tukawasikia. Mbona guu lilivunjika?" Sikuandika chochote jioni ile. Jengo la Kipande House pale Kenyatta Avenue linatunzwa kama kumbukumbu ya taifa, na ni haki. Lakini kibaraza ambapo mtu aliyekivaa kipande alikaa akakifikiria mpaka mwisho, hakina hata msumari wa kuonyesha.

Fundi alikuwa ameshaingiza chuma kwenye makaa. Jina la Mzee, herufi kumi na moja. "Hapa aliishi", nyingine kumi na moja. Miaka yake miwili, tarakimu nane. Mia tatu zangu zikaishia hapo, na neno lililonileta Gikomba lilikuwa bado.

"Neno gani?" binti yake akauliza.

"Mwanafalsafa, dada."

"Hiyo ndiyo kazi gani? Baba alikuwa karani. Andika karani, watu watamjua."

Nikamweleza habari ya methali na guu, pale pale katikati ya kelele za misumeno, nikimsihi. Sikujua kama ananisikia. Alikuwa akiutazama ubao, upande ule uliolainika kwa miaka ya kukaliwa.

"Methali hiyo niliambiwa mimi," akasema hatimaye. "Nilipokataa kuolewa na mtu waliyenichagulia. Ami zangu walikuja wanne. Baba akawauliza hivyo hivyo, guu la nani. Wakaondoka bila kunywa chai."

Akafungua pindo la leso. Akahesabu sarafu za ishirini, moja moja, sita, akazitia mkononi mwa fundi.

"Hilo neno anza nalo," akamwambia. "Liweke juu ya jina."

Fundi akatoa chuma kwenye makaa, akakipuliza majivu, akakilaza kwenye mninga. M ya kwanza ikafuka moshi.