Kijiko cha dawa

"Mama, nani alikitafuna hiki?"

Nilimtuma kipimajoto kwenye droo ya juu, maana mdogo wake ameamka anachemka. Akarudi nacho mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika kile kijiko cha plastiki, ncha imemeguka, kina vidoti vinne vya meno.

"Wewe," nikamjibu.

Alipokitafuna alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Kutwa nzima homa ilikuwa inapanda na kushuka, analia, anajishika sikio. Jioni akanyamaza, nikadhani kapata nafuu. Nimempakata, naongea na simu, mara nikahisi mwili wake umekakamaa kama ubao. Macho yakageuka juu, pakabaki weupe mtupu. Meno yakaumana. Kisha mikono na miguu ikaanza kuruka, yote kwa mpigo mmoja, tup, tup, tup. Midomo ikawa rangi ya zambarau, povu likatoka pembeni. Nikamwita kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Hakunisikia.

Sasa aibu yangu. Miezi miwili tu kabla ya hapo nilikuwa nimefundishwa huduma ya kwanza kazini, na cheti nilipewa. Swali la degedege nililipata lote: mlaze ubavu, sogeza vitu vigumu, legeza nguo shingoni, usimbane, angalia saa, usimtie kitu chochote mdomoni. Ungeniamsha usiku wa manane ningekusomea. Lakini mkono wangu ulikuwa haukuhudhuria mafunzo. Atameza ulimi, mkono ukasema (ulimi haumezwi, na hilo pia nililijua), ukaokota kijiko cha dawa pale mezani ukakipenyeza kati ya meno.

Kach!

Nikakichomoa. Ncha haipo.

Mtetemo ukakoma wenyewe, akalegea, akaanza kukoroma. Mengine yalikwenda mbio: gari, baba yake anaendesha bila kusema neno, mlango wa dharura. Daktari akauliza limemchukua muda gani. Nikasema nusu saa. Kumbe simu yangu ilibaki sakafuni haijakatwa, na dada yangu alisikia kila kitu upande wa pili. Baadaye aliniambia hata dakika 3 hazikufika.

Wakampima sukari kwa tone la damu, wakamwinamisha shingo kuona kama imekakamaa, wakachungulia sikio, nalo lilikuwa jekundu. Daktari alikuwa mtulivu kabisa. "Umemtia kitu mdomoni?" Nikatoa kijiko mfukoni. Hapo ndipo utulivu wake ulipokwisha. Akaita muuguzi, wakaleta taa, wakampekua kinywa kizima, wakamsikiliza kifua kushoto, kulia, tena kushoto. Degedege halikuwatisha. Kilichowatisha ni nilichokileta mimi.

Alipotulia akanieleza. Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Mara nyingi huisha lenyewe kabla ya dakika 5, wala halimharibu mtoto ubongo. Likizidi dakika 5, hapo anahitaji dawa ya kulikata, kama diazepamu inayopitishwa njia ya haja kubwa, na hakuna kusubiri. Dawa ya homa humpunguzia mtoto maumivu, lakini degedege haizuii. Na takribani mtoto 1 kati ya 3 hulipata tena. Hilo la mwisho ndilo nililolisikia vizuri kuliko yote.

Kipande nilikiona kesho yake, wakati wa kufua. Kilikuwa kimenasa kwenye kola ya fulana yake.

Na kweli lilirudi, miezi minne baadaye. Nikamlaza ubavu sakafuni, macho kwenye saa, mikono nimeikalia. Nasema kweli, niliikalia. Dakika 1 na sekunde 40. Sijui kama hiyo ndiyo inaitwa kujifunza, maana ningeiachia mikono ile, sina uhakika ingekwenda wapi.

"Kilikuwa kitamu?" akauliza, anakigeuzageuza.

"Sijui. Hukusema."

"Nikitupe?"

Kipimajoto kikalia: 38.6. Nikamwambia akirudishe kijiko kwenye droo, kisha aniletee ile saa ya ukutani.