Ile TTL kwenye pingi sio spidi (nilichelewa sana kujua)

Kwa miaka kama mitatu ya kutembea na laptopu begani nikijiita fundi mtandao, nilikuwa naamini ile TTL inayotokea mwisho wa mstari ukipiga pingi (yaani ukikiuliza kifaa kingine kwenye mtandao kama kipo, nacho kikajibu) ni spidi fulani hivi, ikiwa kubwa mtandao uko poa, ikiwa ndogo mtandao unasuasua. Hakuna aliyenifundisha hivyo, nilijijazia tu mwenyewe. Mbaya zaidi nilishawahi kumwonyesha mteja ofisini kwake, "unaona hii 128, hapa huna shida kabisa", akatikisa kichwa kama ameelewa na hela akanipa.

Siku ya kuumbuka ilikuwa kwenye shule moja, ina majengo mawili na kila jengo lina ruta yake, na zote nilizifunga mimi. Jengo la pili kulikuwa na maabara ya kompyuta yenye mtandao wake wa 192.168.20.0, baadaye maabara ikahamishwa na ule mtandao ukafutwa kwenye ruta ya pili, ila kwenye ruta ya kwanza njia ya kuelekea huko ikabaki vilevile, hakuna aliyeikumbuka, na mimi nikiwemo. Mwalimu ananipigia, printa haionekani. Nafika, napiga pingi ile anwani ya zamani ya printa, ya kwenye mtandao wa maabara, na Windows badala ya kuniambia jibu limechelewa kama nilivyozoea, inaniambia TTL imeisha njiani, na anayeniambia ni ruta ya jengo la pili. Nikapiga tracert, amri inayotaja ruta za njiani moja baada ya nyingine. Aisee. Ruta ya kwanza, ruta ya pili, ruta ya kwanza, ruta ya pili, mpaka mistari yote 30 ikaisha, kama watoto wanaorushiana mpira.

Sasa kilichokuwa kinatokea ni hiki, ruta ya kwanza inasema mtandao huo uko kwa mwenzangu, ruta ya pili haiujui tena, na kitu isichokijua inakisukuma kwenye njia ya intaneti, ambayo ni hiyohiyo ruta ya kwanza. Paketi, yaani kile kifurushi cha data, inarudi, inaenda, inarudi. Kama hakuna kitu cha kuiua ingezunguka hapo mpaka umeme ukatike.

Kinachoiua ndio TTL. Ichukulie kama nauli. Paketi inatoka nyumbani na shilingi zake 128, kila ruta inayoipitisha inakata shilingi moja kama konda, ikibakiwa na sifuri inashushwa palepale, na konda mstaarabu anapiga simu nyumbani kusema mtu wako kaishia hapa. Simu hiyo ni ujumbe wa ICMP, lugha ya vifaa vya mtandao kupeana taarifa za hitilafu, aina ya 11. Nilikuja kupiga hesabu baadaye nikiwa na karatasi, laptopu ya Windows inaanza na 128, kwa hiyo pingi yangu moja tu ilivuka ule waya kati ya majengo mara 127 kabla ya kufia ruta ya pili. Pingi moja! Ndio maana taa za ile poti zilikuwa zinawaka kama disko. Nikafuta ile njia kwenye ruta ya kwanza, printa nikaielekeza kwenye anwani yake mpya, kwisha.

Jina nalo linapotosha, maana kirefu chake, Time To Live, kinaongelea muda wa kuishi. Mwanzoni ilikuwa muda kweli, waraka wa mwaka 1981 wa IP, zile kanuni za kusafirisha paketi, uitwao RFC 791, unahesabu kwa sekunde, lakini ukaongeza kwamba kila anayeipitisha lazima apunguze angalau moja hata kama hakutumia sekunde nzima, na ruta zikawa na kasi kiasi kwamba kilichobaki ni kuhesabu ruta tu. Nafasi yenyewe ni biti 8, kwa hiyo mwisho ni 255. Kwenye IPv6, toleo jipya la IP, wakaamua kusema ukweli, wakaiita kikomo cha hatua.

Ukishajua hivyo ile namba inaanza kuongea. Linux, Android na iPhone huanzia 64, Windows 128, ruta za Cisco na vifaa kadhaa vya mtandao 255. Ukiona jibu lina 57, kuna uwezekano mkubwa aliyejibu alianza na 64 na limepita ruta 7 mpaka kukufikia. Angalia hapo, ni njia ya KURUDI, sio ya kwenda, na kwenye intaneti hizo mbili si lazima zifanane. Na ndio njia mojawapo ya mtandao wa simu kujua umewasha hotspoti, simu yenyewe inatuma na 64 wakati laptopu ya Windows iliyojificha nyuma yake inatokea na 127.

Ila kinachonifurahisha zaidi ni tracert yenyewe, na ile traceroute ya kwenye Unix ambayo Van Jacobson aliiandika miaka ya 1980 mwishoni kwa wazo la Steve Deering. Ni ujanja mtupu. Unamtuma mtu na shilingi moja makusudi ili ashushwe kituo cha kwanza na konda ajitaje, halafu mwingine na mbili, mwingine na tatu, mpaka una majina ya vituo vyote. Zile nyota unazoona katikati ni makonda wasiopiga simu, wengi wamezimiwa tu hiyo huduma, kwa hiyo usikimbilie kusema njia imekatika kama mistari ya chini yake bado inajibu.

Na yule mteja wa 128, nimekuja kukumbuka. Kwa 128 kamili ilikuwa haijakatwa hata shilingi, maana nilikuwa napiga pingi kompyuta ya Windows iliyokuwa meza ya pili, mle mle ofisini kwake, intaneti yake hata sikuigusa.