Mita 700 za Hötting

Mama alikuja kunitembelea Ujerumani Septemba 2018, mara yake ya kwanza kupanda ndege, na hakutaka maduka wala majumba ya wafalme, alitaka milima. Ni mtu wa Marangu, kazaliwa kule kaolewa kulekule, akifungua mlango asubuhi anaiangalia Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, kwanza ndo anawasha moto. Basi nikapanga twende Innsbruck, Austria, maana kutoka Munich nilikokuwa nasoma ni chini ya masaa mawili kwa treni. Tungelala siku tatu.

Kazi ikawa mtaa gani. Altstadt, mji wa zamani wenyewe, bei yake mfuko wa mwanafunzi haukuiweza. Olympisches Dorf, yale maghorofa ya wanamichezo wa Olimpiki za 1964 na 1976, ilikuwa nafuu ila nikaona mama hajatoka Kilimanjaro kuja kuangalia maghorofa. Hungerburg iko juu huko kama mita 860 wakati mji uko 574, kila ukitaka kushuka usubiri basi au treni ya mlimani. Nikaipata Hötting, ng'ambo ya mto Inn, upande wa kaskazini unaopigwa jua vizuri, zamani ilikuwa kijiji kikaingizwa mjini 1938, na ramani ya simu ikaniambia kutoka daraja la Innbrücke mpaka mlangoni ni mita 700. Nikalipa palepale.

Goti la mama sikulikumbuka. Alianguka shambani miaka miwili kabla na mimi ndo nilikuwa namtumia hela ya dawa, nalijua hilo goti, lakini siku ile nilikuwa naangalia picha za dirisha na bei basi. Kusahau huko kunaniuma mpaka leo.

Tulifika Ijumaa jioni. Altstadt tulipita vizuri tu, nikamwonyesha Goldenes Dachl, kibaraza cha wakati wa mfalme Maximilian chenye vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu, akasimama pale muda mrefu. Tukavuka daraja, zile nyumba za rangi za Mariahilf zimejipanga mbele ya mto, akasema zinapendeza kama kanga zilizoanikwa. Halafu tukaanza Höttinger Gasse na ile njia inapanda, inakata kona inapanda tena, mimi begi mkono mmoja na mama mkono mwingine. Hakulalamika hata kidogo. Kila baada ya hatua kumi anasimama anaangalia maua kwenye madirisha ya watu, "Mwanangu, haya maua wanayamwagilia saa ngapi?", tunakaa kidogo, tunaenda, anasimama tena kwenye maua mengine. Kwenye ua la nne au la tano ndo nikaelewa kwamba alikuwa anapumzisha goti na hataki nijue. Kufika, chumba kiko ghorofa ya tatu, lifti hakuna.

Usiku nikamsikia anajichua na ile dawa yake, taratibu, asiniamshe.

Asubuhi akaniambia, "Chumba kizuri sana. Mimi nitakaa hapa dirishani, wewe nenda katembee unipigie picha." Nilitoka nje kwenye ngazi nikalia kidogo. Nikampigia mwenye nyumba, hela za siku mbili zilizobaki akasema harudishi, sawa, nikatafuta chumba kingine, na hela iliyolipa hiyo ni ya kodi yangu ya mwezi unaofuata.

Tukahamia Wilten, kusini mwa mji, sehemu tambarare, chumba cha chini hakuna ngazi, tramu inapita karibu na mama anatembea mwenyewe mpaka kwenye basilika na kurudi. Na kitu ambacho sikukitegemea kabisa, milima inaonekana vizuri zaidi kule. Hötting uko mguuni pa Nordkette, ile safu ya milima ya kaskazini mwa mji, unainua shingo unaona kipande tu. Wilten umekaa mbali nayo kidogo, ukiangalia kaskazini safu nzima imesimama nyuma ya mji kama ukuta. Mama aliomba kiti akakiweka nje mlangoni, chai ya asubuhi akainywea pale.

Jumapili tukapanda treni ya Hungerburg, ile yenye stesheni alizochora Zaha Hadid, halafu gari la kebo mpaka Seegrube, mita 1,905. Nikamwambia mama hapa ni kama getini kwetu Marangu tu kwa urefu, pale watu wanapoanzia kupanda Kilimanjaro. Hakuamini. Kwetu getini ndo kwanza unaingia msituni, pale miti ilishabaki chini, mbele ni mawe matupu. Nikamwambia pia Ludwig Purtscheller, aliyefika kilele cha Kibo pamoja na Hans Meyer tarehe 6 Oktoba 1889, alizaliwa kwenye mji huu. Meyer anamjua tangu shule, huyu mwingine hakuwahi kumsikia. "Kumbe naye mtu wa milimani," akasema, akaniambia nimtajie jina tena.

Kisha akataka nimwonyeshe tunapolala. Nikamwonyesha ule mnara wa Bergisel wa kuruka na ski, nikamwambia mtaa ulio chini yake ndo Wilten. Akaufuata kwa kidole kutoka mtoni mpaka pale.

"Pamenyooka," akasema. "Kesho asubuhi nitatangulia mwenyewe dukani, wewe lala."