Nilivyoyapata masoko ya wenyeji mjini Chiang Mai

Karibu kila niliyemwomba ushauri kabla ya kwenda Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, alinielekeza kwenye soko la usiku la barabara ya Chang Khlan. Nilikwenda, nikakuta fulana zenye picha za tembo, suruali zenye picha za tembo na umati wa wageni wenzangu. Wenyeji waliokuwapo walikuwa wakiuza, si wakinunua.

Ushauri wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Nilipendekezewa dereva ambaye, kwa maelezo ya aliyempendekeza, aliyafahamu masoko halisi yote. Bwana huyo alinipeleka moja kwa moja barabara ya San Kamphaeng, kwenye duka la hariri, kisha la miavuli ya karatasi, kisha la vito, na kila mahali alipokewa kwa bashasha, akapewa kikaratasi chake cha kamisheni, akaketi kivulini kunywa kahawa huku wasichana watatu wakinifuata kati ya vitambaa. Kila nilipotaja soko alinijibu kwa upole kwamba masoko yamefungwa, ilhali ilikuwa saa tatu asubuhi. Kwenye duka la vito nilikataa kushuka garini, na hapo ndipo bashasha yake ilipokwisha.

Tangu siku hiyo niliwaacha washauri nikawafuata wanunuzi. Alfajiri, karibu na lango la Tha Phae, nilisimama mahali ambapo akina mama wenye vikapu vitupu walikuwa wakipanda magari mekundu yenye mabenchi mawili yanayotazamana, ambayo wakongwe wa Dar es Salaam wangeyaita chai maharage. Nilimwambia dereva maneno mawili tu, "Kad Luang", jina ambalo watu wa huko hulitumia kwa soko la Warorot, naye akaitikia kwa kichwa. Nauli ilikuwa baht thelathini hivi. Baadaye niligundua kwamba hata kwa miguu pangefikika.

Warorot ni jengo la ghorofa lililo karibu na mto Ping. Chini kuna vyakula: pilipili mbichi zilizochomwa na kupondwa, chapati kavu za soya iliyochachushwa ambazo harufu yake hutangulia mbele yao, wali wa kunata, shokishoki, na soseji za nguruwe ambazo mimi nilizipita. Juu kuna nguo. Nje, upande wa mtoni, liko soko la maua la Ton Lamyai, ambalo hupendeza zaidi usiku, wakati maua yanaposhushwa.

Kuhusu bei, ninajisifu kidogo. Bidhaa nyingi huuzwa kwa khit, yaani gramu 100, hivyo mgeni anayedhani kibao kinataja bei ya kilo hufurahi bure. Mimi nilikuwa nikichagua mama mtu mzima mwenye uso wa kutodanganyika, nikijipanga nyuma yake, nikihesabu noti alizotoa na chenji aliyorudishiwa, kisha zamu yangu ikifika nikionyesha kwa kidole kitu kilekile na kutoa fedha ileile bila kufungua kinywa. Muuzaji mmoja wa uyoga aliitambua hila hiyo, akacheka mpaka akamwita jirani yake aje kunitazama, lakini bei hakuipandisha. Noti za baht ishirini ziwe nyingi mfukoni, la sivyo hila hiyo haifanyi kazi.

Soko nililolipenda kuliko yote ni gulio la Ijumaa la Ban Haw, kando ya msikiti wenye jina hilohilo, hatua chache kutoka soko la usiku nililolilalamikia. Waislamu wa Kichina wenye asili ya jimbo la Yunnan huuza hapo pamoja na Washan, watu wenye asili ya Myanmar, na watu wa milimani: nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, tofu ya manjano ya dengu, chai, mboga nisizozijua. Hapo nilikula khao soi, tambi za mayai katika mchuzi wa tui na binzari zenye tambi nyingine za kukaangwa juu yake, bila kuuliza kilichomo chunguni. Anayekwenda awahi alfajiri. Mimi nilipotoka kuswali Ijumaa, wauzaji walikuwa wamekwisha kukunja maturubai na kuondoka.