Siku moja na Kusi, mbwa wa vilima anayeishi Nyali

Saa kumi alfajiri nimeshaamka. Naoga, navaa nguo za swala, na nguo za kazi nazitia kwenye mkoba wake peke yake: suruali, fulana ya mikono mirefu, viatu vya kukimbilia. Mkoba ule hauingii chumbani, mke wangu anajua. Nikishaswali alfajiri msikitini kwetu Kisauni napanda bodaboda hadi Nyali, na saa kumi na moja u nusu niko getini.

Kazi yangu ni kumlea mbwa. Mtu akisikia unalipwa kukimbia na mbwa wa tajiri, anacheka kwanza ndipo anauliza mshahara. Wengine hawacheki, wanahamia upande wa pili wa njia. Ndiyo nikaona niandike siku moja, Jumanne ya juzi, ili mtu aliye nje ya geti ajue kinachofanyika.

Mbwa mwenyewe anaitwa Kusi kwa sababu aliletwa akiwa mdogo upepo wa kusi ulipoanza. Ni jike, mweusi mgongoni, mweupe kifuani na miguuni. Aina yake ni border collie, mbwa wa kuchunga kondoo kutoka vilima vya mpakani mwa Uingereza na Uskoti. Wenye kufuatilia nasaba zao huzirudisha kwa dume mmoja, Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 kwa mfugaji Adam Telfer kule Northumberland. Dume yule alisifika kwa kuchunga kimya kimya, ameinama, amekaza macho, na kondoo wakamtii. Kusi amerithi macho yale. Usipompa kazi atajitafutia mwenyewe: atachunga watoto, kuku, magurudumu ya gari, hata kivuli cha feni ukutani. Kabla sijaajiriwa alikuwa akizunguka kando ya ukuta wa ua kutwa nzima, mpaka nyasi zikafa na ikabaki njia nyeupe. Njia ile bado ipo. Kila ninapoiona naelewa kwa nini mama mwenye nyumba aliacha kutafuta mtunza bustani akatafuta mtu wa mbio.

Saa kumi na mbili kamili dereva anatushusha Nguu Tatu, kisha anageuza gari kuwapeleka watoto shule. Mombasa si mji wa milima, na asiyeijua bara yetu hii ya kaskazini hudhani ni mchanga mtupu mpaka Mtwapa. Lakini vilima vya Nguu Tatu vinatosha kumtoa mtu pumzi. Njia ni ya vumbi na kokoto, inapanda, inashuka, inapanda tena, na huko juu kuna matangi yanayopokea maji yanayosukumwa kutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki. Chini Kusi namfunga kamba ndefu. Tukishapita nyumba za mwisho namfungulia.

Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii. Anaruka mbele, anageuka kunitazama, anaruka tena. Nikipiga mluzi mrefu anarudi. Nikisema "Lala" anajibwaga chini hapo hapo, hata kama alikuwa mbio kamili. Nikisema "Basi", anajua kazi imekwisha. Nimefundisha maneno haya kwa miezi, kwa mkono, kwa vipande vya ini la kuchemsha, na ninajivunia kila moja. Jua linachomoza tukiwa juu, bahari unaiona upande wa mashariki, na mbwa amesimama juu ya jiwe kifua wazi, masikio yamesimama. Kwa dakika zile naamini nimemrudisha alikotoka.

Upande wa pili hukutana na mzee mmoja mwenye mbuzi. Tumekubaliana naye: Kusi anaruhusiwa kuwazungusha kidogo, mradi wasikimbizwe na asiwepo mwenye mimba. Jumanne mbuzi watatu walikuwa wamejitenga kuelekea shamba la mihogo la watu. Mzee akaniambia, "Haya mwanangu, mtume." Kusi akaenda kwa kuzunguka mbali, akainama, akawakodolea, nao wakarudi kundini polepole. Mzee akauliza mbwa kama huyu anauzwaje. Nikamwambia ukweli: bei yake ni kitu kidogo, kitu kikubwa ni mtu wa kukaa naye kila siku.

Saa moja kasorobo tulishaanza kushuka. Saa moja u nusu, kama kawaida, gari liwe limefika.

Halikufika.

Nikapiga simu. Dereva akasema lori limeharibika katikati ya barabara ya Malindi, foleni haisogei, nimpe dakika ishirini. Baada ya dakika ishirini akasema ishirini nyingine. Kwa mtu peke yake si neno, unanunua mahamri ukakaa kivulini. Mimi nilikuwa na mbwa aliyetoka kukimbia vilima, mwezi wa Machi, kaskazi imelegea na hewa imejaa unyevu.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Jasho lake ni kidogo tu, kwenye nyayo. Anachotegemea ni kuhema: hewa inapita juu ya ulimi na koo, mate yanageuka mvuke, joto linatoka nao. Sasa hewa ikishajaa maji, mate hayakauki, na mbwa anahema bure. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 na nusu hivi, likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Na aina hii ina hatari yake: haijui kusimama. Mbwa wa mitaani akichoka atalala chini ya gari. Border collie ataendelea mpaka aanguke, maadamu kuna kitu mbele yake cha kuchunga. Kumsimamisha ni kazi ya mtu, na pale mtu ni mimi.

Nikamweka chini ya mwarobaini. Kila alipopita kuku, Kusi alitaka kumfuata, kila mara nikasema "Lala". Maji nilibeba lita tatu. Kidogo nikampa anywe, mengine nikammwagia tumboni, makwapani na kwenye nyayo, ambako manyoya ni machache. Kivuli kikasogea, nasi tukasogea. Nikaweka mgongo wa mkono kwenye lami, sikuweza kuuacha pale. Kwa hiyo kumtembeza hadi Nyali haiwezekani, nyayo zingeungua kabla ya kufika Kiembeni.

Nikaanza kusimamisha tuktuk. Ya kwanza ilipunguza mwendo, dereva akamwona Kusi, akaongeza. Ya pili ilisimama. "Yakhe, mimi hapa napakia watu wa kwenda kuswali. Siwezi." Nikamwambia naelewa, na naelewa kweli. Sisi Waislamu wa pwani wengi ni Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito, na mtu ana haki ya kulinda chombo chake. Ya tatu ilitaka nauli mara tatu, nikakubali. Halafu abiria aliyekuwa ndani akasema akipanda mbwa yeye anashuka, ikaondoka.

Akapita mwanamume mmoja, mtu mzima, akasimama kunitazama namwagia mbwa maji. Akasema, tena kwa sauti ya kusikiwa na watu wote wa kibandani: "Mtu na akili zako unamuogesha mbwa maji ya chupa, na kuna watoto hawana ya kunywa!" Alikaa pale muda mrefu. Aliuliza ninalipwa na nani, kwa nini sikutafuta kazi ya heshima, kama baba yangu anajua. Aliuliza kama mbwa ana kichaa, nikatoa cheti cha chanjo, maana huchanjwa kila mwaka nami hukitembeza. Hakukitazama. Vijana wawili wakaanza kucheka, mmoja akaokota kokoto. Nikasimama kati yake na Kusi nikamwambia, "Hapana, mdogo wangu. Weka chini." Akaiweka.

Neno la yule bwana liliniuma kwa sababu la maji lilikuwa kweli. Matangi yako pale juu yetu, na mfereji wa nyumbani kwangu hukaa mkavu siku nyingi, tunanunua kwa mtungi. Najua mtungi una uzito gani. Lakini mnyama aliyewekwa mkononi mwangu nitamwacha akaukiwe kwa sababu kaunti ina shida ya maji? Tumefundishwa hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Nilimwambia hiyo. Akasema mimi si sheikh wa kumfundisha, akaenda zake.

Kufikia hapo ulimi wa Kusi ulishapanuka ncha na ute ulikuwa mzito. Dalili hizo mimi sizisubiri. Nilikuwa tayari kumbeba begani, kilo kumi na nane, mpaka popote penye bomba.

Aliyetuokoa ni kijana wa tuktuk aliyekuwa ameegesha ng'ambo akisikiliza yote. Alikuja, akaniuliza swali moja: "Amelowa?" Nikasema tumbo na miguu. Akatoa turubai kuukuu chini ya kiti chake, akalitandika sakafuni, akakunja kingo ili maji yasivuje. "Akae hapo, mdomo aelekeze nje, wewe mshike." Njia nzima hakusema kitu kingine. Tulifika saa tatu na kitu, sikuangalia sana.

Nikamwekea Kusi maji ya bomba, si ya barafu, kwa mpira wa bustani, halafu feni. Kipimajoto kikasoma 39.6. Baada ya nusu saa kikasoma 38.8. Hapo ndipo nilipokaa chini, na miguu ikaanza kutetemeka.

Mengine ya mchana ni ya kila siku. Kupe kwanza: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, na ufizi kuutazama kama umepauka, kwa sababu homa ya kupe huku pwani huwaua mbwa wengi kimya kimya. Nilitoa kupe mmoja. Kisha nikajitoharisha: palipoguswa na mate, maji mara saba, moja kwa udongo, na udongo wangu uko kwenye ndoo nyuma ya stoo. Nikabadili nguo, nikaswali adhuhuri. Watu huniuliza hili kuliko lolote, na mimi hujibu bila kuficha: najisi ina namna ya kuondoka, dhuluma kwa mnyama ndiyo sijui ningeiosha kwa kitu gani.

Joto la mchana hatutoki. Ni saa za kuchosha akili badala ya miguu. Namwekea vitu sebuleni, "leta kamba", "leta ndizi" (ni mwanasesere wa kitambaa), "leta kiatu cha Baba". Kule Marekani border collie mmoja, Chaser, alifundishwa na mzee John Pilley majina ya vitu 1,022. Kusi yuko mbali na hapo, ila kila kipya akikishika mkia wake unaniambia kabla ya mdomo.

Jioni pwani, maji yakiwa yametoka, mchanga mgumu. Nilikuwa sina nguvu tena, tulitembea tu. Wale ngamia wa kupandisha watalii walikuwa wanarudi, na Kusi, baada ya siku yote ile, akainama, akakaza macho kwa mnyama aliyemzidi mara tano kwa kimo. Mwenye ngamia ananijua, akaniita, "Ami, mwambie awalete mpaka nyumbani!" Nikasema "Basi", naye akanyanyuka akaja mguuni kwangu. Neno moja, kwenye ufuo uliojaa watu. Laiti yule bwana wa asubuhi angekuwepo.

Kabla ya kuondoka nilizungumza na mama mwenye nyumba. Alikuwa anataka tuongeze umbali, tufike kilomita kumi. Nikamwambia si Machi. Mpaka masika yanyeshe tutoke saa kumi na moja kasoro, tuwe tumeshashuka kabla jua halijapanda, mimi nitaswali huko huko, na tusitegemee gari linalopitia shule. Alisikiliza vizuri, akanirudishia nauli ya tuktuk, akauliza usafiri utakuwa upi.

Nilikuwa nimechukua namba ya yule kijana. Nikampigia nikiwa getini. Amekubali kutupeleka na kuturudisha Jumatatu hadi Ijumaa, ila turubai ninunue mimi, jipya, na liwe linaoshwa mbele yake.